Usidhani Mtoto Yumo Msafarani

Fundisho juu ya Injili ya Luka 2:41–52



Nawasihi mchukue kwanza Injili, mkaisome habari hii yote, kisha mrudi kwenye maneno haya. Maana habari za utoto wa Bwana wetu ni chache mno. Twajua jinsi alivyozaliwa, na jinsi alivyokimbiziwa Misri. Bali juu ya miaka ile mingi ya Nazareti wainjilisti wamenyamaza, isipokuwa Luka peke yake, naye ametupa jambo moja tu, la wakati Yesu alipokuwa na umri wa miaka 12. Jambo hili hatukupewa ili tumstaajabie mtoto tu, bali pia ili wazazi na walimu wapate kujifunza.

Yusufu na Mariamu walikuwa watu wamchao Mungu. Kila mwaka walipanda kwenda Yerusalemu kwa sikukuu ya Pasaka. Hawakuwa watu wa kumwacha mtoto ovyo. Lakini sikukuu ilipokwisha walishika njia ya kurudi kwao, wakaenda mwendo wa siku nzima, na mtoto hayupo. Imekuwaje wasijue? Luka atuambia sababu kwa neno moja dogo: walidhani. Msafara ulikuwa mkubwa, jamaa na jirani wamechanganyika. Kila mmoja aliweza kusema moyoni mwake, Yuko na wale walio mbele. Au, Yuko na wale wanaokuja nyuma. Hapakuwa na mtu aliyemchukia, wala aliyemfukuza. Walimkosa kwa sababu kila mtu alidhani kwamba mwenzake anaye.

Wapenzi wangu, hivyo ndivyo tunavyowapoteza watoto wetu hata leo. Si wazazi wengi wanaowachukia watoto wao, wala si walimu wengi wanaotaka waharibike. Tunawapoteza kwa kudhani.

Nyumba yasema: Sisi twampa mtoto chakula na nguo, twamnunulia madaftari, yaliyobaki ni kazi ya mwalimu. Shule yasema: Sisi twamfundisha kusoma na kuhesabu, tena mtihani uko karibu, tabia yake ni kazi ya wazazi, na roho yake ni kazi ya mchungaji. Kanisa lasema: Sisi twamfundisha Katekismo siku ya Jumamosi, na siku ya kipaimara twamwekea mikono, siku zilizosalia ni za nyumba na za shule. Kila mmoja ameshika kipande chake, na kila mmoja adhani vipande vingine vimo mikononi mwa wenzake. Kisha siku moja twageuka nyuma, na kijana hayupo. Yule aliyejibu maswali vizuri mbele ya usharika haonekani tena kanisani. Mwingine ameshikwa na ulevi. Mwingine yuko mjini peke yake na huzuni yake, wala hana mtu awezaye kumwambia. Ndipo tunapoanza kuulizana, Je, nani alikuwa naye?

Basi neno langu ni hili moja: mtoto hagawanyiki. Mungu hakuumba kichwa cha mtoto kwa ajili ya shule, na tumbo lake kwa ajili ya nyumba, na roho yake kwa ajili ya kanisa. Aliumba mtu mmoja. Naye Luka aifunga habari yake kwa kutuonyesha kwamba Bwana Yesu alikua katika mambo manne pamoja: katika hekima, katika kimo cha mwili, katika kumpendeza Mungu, na katika kuwapendeza watu. Mtoto Samweli naye ashuhudiwa kwa maneno yanayofanana na hayo (1 Sam. 2:26). Mambo manne, mtoto mmoja. Tuyatazame moja moja, tukikumbuka kwamba hayatengani.

1. Mtoto akue katika hekima

Wazazi walimkuta Yesu hekaluni, ameketi katikati ya walimu. Angalieni alikuwa akifanya nini: alikuwa akiwasikiliza na kuwauliza. Mwana wa Mungu hakuona haya kuuliza, na wale walimu wakubwa hawakuona haya kuulizwa na mtoto. Lakini kwetu sisi, mara nyingi mtoto aulizaye huhesabiwa kuwa mwenye kiburi, na yule akaaye kimya akikariri asiyoyaelewa ndiye asifiwaye.

Baba yetu Martin Luther alilijua jambo hili kwa ngozi yake mwenyewe. Alipokuwa mtu mzima alisimulia kwamba asubuhi moja shuleni alipigwa mara 15 kwa ajili ya sarufi ya Kilatini ambayo hata hakuwa amefundishwa. Mwaka 1524 alipowaandikia watawala wa miji ya Ujerumani ili waanzishe shule za Kikristo, alitaka shule za namna nyingine, ambamo watoto wajifunze kwa furaha, kwa kuwa mtoto kwa asili yake hupenda kujua. Alitaka wasome lugha na habari za kale, wajue na kuimba na hesabu. Tena hakutaka mtoto afungiwe darasani mchana kutwa. Alishauri mvulana aende shule saa moja au mbili kwa siku, na wakati uliobaki awe nyumbani akijifunza kazi. Na msichana naye apate saa yake ya shule.

Tena mwaka 1529 alipoitoa Katekismo Ndogo, aliiandika kama mafundisho ambayo mwenye nyumba awape watu wa nyumba yake. Nanyi mwajua jinsi ilivyo: baada ya kila amri hufuata swali la kutaka kujua maana yake. Swali hilo ni swali la mtoto! Basi mwalimu anayewakaririsha watoto majibu, bila kuliacha swali hilo liamke ndani yao, amewapa ganda la yai tupu. Ninyi wainjilisti, nawaomba: mtoto akiisha kusema amri ya nne kwa moyo, msimwambie, Vema, keti. Mwambieni, Sasa tueleze, jana nyumbani kwenu amri hii ilivunjwa wapi, nayo ilishikwa wapi? Hapo ndipo hekima inapoanza, maana neno limetoka midomoni na kuingia katika maisha yake.

2. Mtoto akue katika mwili

Kuna Wakristo wadhanio kwamba mwili wa mtoto si jambo la kiroho. Lakini Neno alifanyika mwili. Bwana wetu alilala, aliona njaa, alichoka, alishika kazi ya useremala hata watu wa kwao wakamwita seremala (Marko 6:3). Mikono iliyowabariki watoto ilikuwa mikono iliyozoea mbao.

Hapa nataka kuwasimulia habari ya kweli ya Mlutheri mmoja, kwa kuwa yafundisha sana. August Hermann Francke, aliyezaliwa mwaka 1663, alikuwa mchungaji wa Glaucha, karibu na mji wa Halle katika nchi ya Ujerumani. Maskini wengi walikuja mlangoni pake kuomba. Akaweka sanduku la sadaka nyumbani mwake, na wakati wa Pasaka ya mwaka 1695 akakuta humo thaler 4 na groschen 16, ambazo ni fedha za siku zile, zilizotolewa na mtu mmoja kwa mara moja. Akaona kwamba kwa fedha hizo aweza kuanza jambo jema. Akanunua vitabu, akamwajiri mwanafunzi mmoja maskini awafundishe watoto wa maskini saa mbili kila siku. Watoto wakapewa vitabu 27 waende navyo nyumbani. Vilivyorudi ni 4.

Mtu mwingine angalikasirika, akafunga shule, akasema maskini hawana shukrani. Francke alinunua vitabu vingine, na safari hii viliachwa mle shuleni. Lakini baadaye akaona jambo kubwa zaidi: ya kwamba hata yale mema yanayojengwa shuleni hubomolewa nje ya shule. Mtoto asikia habari ya upendo kwa saa mbili, kisha arudi kwenye njaa na matusi na kulala pasipo blanketi. Kwa hiyo akaazimu kuwachukua watoto wengine kabisa, awalee kama baba. Mwaka 1698 likawekwa jiwe la msingi la nyumba kubwa ya yatima. Huko watoto walipata chakula na kitanda, palikuwa na dawa kwa wagonjwa, na nafasi ya kujifunza kazi za mikono. Alipokufa mwaka 1727, watoto zaidi ya 2,000 walikuwa wakisoma katika shule zake.

Habari hii haiko mbali nasi. Katika vijana waliopata elimu Halle walikuwamo Bartholomäus Ziegenbalg na Heinrich Plütschau, waliofika Tranquebar katika Bara Hindi mwaka 1706, wakaanzisha shule za watoto, na za wasichana pia. Kazi yao ya Tranquebar ilikuja kurithiwa na Misioni ya Leipzig. Nayo Misioni ya Leipzig ndiyo iliyowatuma wajumbe waliofika Kilimanjaro mwaka 1893. Basi zile fedha chache za sandukuni ni kama mbegu ambayo matawi yake yametufikia hata sisi.

Lakini yafaa tuseme kweli yote. Francke alikuwa na upungufu mmoja: aliuona mchezo wa watoto kuwa upotevu wa wakati, akaukataza katika nyumba zake, akataka wapumzike kwa kazi za manufaa tu. Hapo hatumfuati. Nabii Zekaria, anapoeleza Yerusalemu utakaobarikiwa na Mungu, aona wazee wameketi njiani na mikongojo yao, na njia hizo zimejaa wavulana na wasichana wanaocheza (Zek. 8:4–5). Mchezo wa mtoto ni alama ya amani ya Mungu! Na mtu aliyechungulia vizuri ajua kwamba mchezo ni shule. Otto Raum, mwana wa mmisionari wa Kilimanjaro, alitoa kitabu kizima mwaka 1940 juu ya utoto wa Wachaga, naye alionyesha jinsi watoto wanavyojifunza mambo ya watu wazima kwa kuyaigiza katika michezo yao. Mtoto ajengaye kibanda cha majani ya mgomba anajifunza kuwa mwenye nyumba.

Kwa hiyo mtoto asinziaye darasani, usianze kwa kiboko. Uliza kwanza: Amekula? Alilala saa ngapi? Alichota maji mara ngapi kabla ya kuja? Huku nako ni kufundisha dini.

3. Mtoto akue katika kuwapendeza watu

Baada ya mambo yale ya hekaluni, Luka asema kwamba Yesu alishuka pamoja na wazazi wake mpaka Nazareti, akawatii. Aliyewastaajabisha walimu wa Yerusalemu alirudi kwenye kijiji kidogo, chini ya fundi wa mbao na mama asiye na cheo. Elimu yake haikumfanya awadharau watu wa kwao.

Hapa twaliona jeraha moja la elimu ya siku hizi. Mtoto apata alama nzuri, kisha hajui kumwamkia bibi yake. Ajua majina ya mito ya nchi za mbali, hajui jina la baba wa babu yake. Ameambiwa, kwa maneno au kwa ukimya, kwamba kusoma ni ngazi ya kupandia ili uwaache wengine chini. Wahenga walisema, Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Nao ulimwengu hufunza kwa fimbo isiyo na huruma.

Wazee wetu walikuwa na malezi yao. Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyeishi miaka mingi kati ya Wachaga wa Moshi, aliyasikiliza mafundisho ambayo wazee waliwapa vijana, akayaandika, yakapigwa chapa katika vitabu vitatu kati ya mwaka 1932 na 1938. Mtu mgeni aliketi kuyasikiliza. Je, sisi wana wa nyumba tuyatupe bila kuyasikia? Si yote yaliyokuwa mema; mengine yalikuwa mazito, mengine ya hofu, na Mtume atuagiza tujaribu mambo yote, tukalishike lililo jema (1 Thes. 5:21). Lakini jambo hili lilikuwa jema: mtoto hakuwa wa mtu mmoja. Shangazi alimwonya, mjomba alimfundisha, babu alimsimulia, jirani alimwuliza, Waenda wapi saa hizi? Kijiji kilijua alipo. Je, usharika wetu wajua watoto wake walipo? Tulipowabatiza, wazazi na wadhamini waliahidi, na sisi sote tulikuwa mashahidi. Mdhamini asiyejua mtoto wake wa ubatizo yuko darasa la ngapi, naye amedhani tu kwamba yumo msafarani.

4. Mtoto akue katika kumpendeza Mungu

Sasa twafika kwenye lile lililo kuu. Hapa ndipo wengi wanapokosea, maana huliona kuwa fungu la nne, la kuwekwa pembeni baada ya yale matatu, kama kipindi cha dini kinachowekwa mwisho wa ratiba ya juma.

Mwajua jinsi kihamba kinavyonyweshwa kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Maji yatoka juu mtoni, yaongozwa kwa mfereji uliochimbwa na wazee kwa jasho, yapita kwa jirani mmoja hata mwingine, mpaka yafike kwenye migomba, na kahawa, na mboga. Hakuna mtu asemaye: Hapa pana mgomba, hapa pana mkahawa, hapa pana mboga, na pale pembeni pana maji. Maji si mmea wa nne! Maji hupita katika mimea yote, nayo huishi. Mfereji ukiziba huko juu, majani yaweza kukaa kijani siku kadhaa, hata mpita njia akasifu. Lakini mwenye shamba ajua.

Ndivyo ilivyo kumcha Mungu katika malezi ya mtoto. Hesabu ni hesabu. Lakini mtoto afundishwe kwamba mizani ya uongo ni chukizo kwa Bwana. Jembe ni jembe. Lakini ajue kwamba ardhi ni ya Mungu, nasi tu watunzaji. Mchezo ni mchezo. Lakini katika mchezo ajifunze kumwinua aliyeanguka. Musa aliwaamuru Waisraeli wawafundishe watoto wao maneno ya Mungu waketipo nyumbani, watembeapo njiani, walalapo na waamkapo (Kum. 6:7). Hakutaja darasa hata kidogo. Alitaja nyumba, njia, kitanda na asubuhi.

Tena neno la kwanza tunalolisikia kutoka kinywani mwa Yesu katika Injili ya Luka ni hili, kwamba imempasa kuwa katika mambo ya Baba yake. Mtoto huyo alijua yeye ni wa nani. Hiki ndicho kiini cha malezi yote ya Kikristo: si mtoto ajue mambo mengi juu ya Mungu, bali ajue kwamba ana Baba, ya kuwa alipendwa kabla ya kufaulu mtihani wo wote, na kwamba akishindwa hataacha kupendwa. Katika ubatizo alipewa neema kabla ya kujua hata herufi moja. Wazazi wangapi humfundisha mtoto kinyume, kwa kumkumbatia siku ya alama nzuri na kumnunia siku ya alama mbaya! Mtoto wa namna hiyo, hata akisoma Katekismo yote, atamdhania Mungu kuwa mtahini mkubwa mwenye kalamu nyekundu.

Basi na tufanye nini?

Neno lisilo na tendo ni mvua ya juu ya mwamba. Haya nawapa, kila mtu achukue lake.

Enyi akina baba, anzeni ninyi. Msiwaachie akina mama sala za nyumbani kana kwamba sala ni kazi ya jikoni. Jioni, kabla ya kulala, simu zote ziwekwe kando, hata ya baba, maana jioni nyingi tumeketi chumba kimoja na kila mtu ameinamia nuru yake mwenyewe. Somo fupi, wimbo mmoja, sala, na swali moja kwa kila mtoto: Leo nini kilikufurahisha, na nini kilikuumiza? Kisha msikilize. Nusu saa yatosha. Mtume Paulo awaonya akina baba wasiwachokoze watoto wao kwa hasira, bali wawalee katika adabu na maonyo ya Bwana (Efe. 6:4); na hakuna mtu awezaye kumlea mtoto asiyemjua.

Enyi akina mama na akina bibi, msidharau kazi yenu kwa kuwa haina cheti. Imani ya Timotheo ilianza kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike (2 Tim. 1:5). Paulo, mwenye elimu kubwa, alikuta msingi umekwisha kuwekwa na wanawake wawili.

Enyi mnaowapeleka watoto shule za bweni, fikirini umri wao. Mwaka 2023 serikali ya Tanzania iliagiza kwamba watoto walio chini ya darasa la tano wasikae bwenini, isipokuwa kwa kibali. Hata bila agizo hilo, moyo wa mzazi ungetosha kutuambia. Najua wengine hawana njia nyingine, kwa kazi au kwa kufiwa. Hao nisiwatwike mzigo. Lakini mwenye kuweza kukaa na mtoto wake mdogo, asiinunue nafasi ya kutokukaa naye akaiita elimu bora.

Enyi walimu wa shule, kazi yenu ni ngumu, na madarasa yenu yamejaa. Hamwezi kuwa baba wa watoto 80. Lakini mwaweza kuyajua majina yao. Mwaweza kutokumdhihaki mtoto mbele ya wenziwe. Mwaweza kumwendea mzazi mmoja kila juma, si kwa mashtaka, bali kwa kuulizana, Je, wewe waonaje, nami naonaje?

Enyi wainjilisti na wazee wa kanisa, kipaimara kisiwe lango la kutokea. Mwaka ule mtoto apokelewapo mezani kwa Bwana, apewe na kazi: aimbe, afagie, awasomee vipofu Maandiko, awasaidie wadogo katika shule ya Jumapili. Kisha kila robo ya mwaka wazee wakae na orodha ya vijana waliobarikiwa miaka mitatu iliyopita, wasome jina kwa jina, na kwa kila jina waulize, Yuko wapi? Nani amemwona? Jina lisilo na jibu, mzee mmoja alichukue, akavae viatu, aende.

Mwisho, nina neno kwa wale wanaosoma haya na machozi, kwa sababu mtoto wao ameshapotea. Mariamu na Yusufu walipotambua, hawakukaa njiani kulaumiana, wala hawakusema kwamba msafara umekwenda mbali mno. Walirudi. Walimtafuta kwa jamaa na kwa marafiki, wakarudi njia ile ile kwa uchungu, hata siku ya tatu wakamwona. Nao walimwona wapi? Katika nyumba ya Baba yake. Alikuwa ametunzwa huko siku zote walipokuwa wakihangaika. Basi rudini, ndugu zangu. Andika barua, piga simu, panda gari, mwombe mtu amtafute, na kila usiku litaje jina lake mbele za Mungu. Wewe hujui aliko. Lakini yuko Mmoja asiyedhani, bali ajua.

Naye Bwana Yesu, aliyekuwa mtoto Nazareti, na kuwakumbatia watoto, awabariki watoto wetu, mwili na nafsi na roho, awalinde wawe mmoja ndani yake. Amina.